Diski Imeanguka, Sasa Inagonga: Jibu kwa Mpiga Picha wa Amu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu, kisiwa ambacho sisi twakiita Amu. Amesema hivi:

"Asalaam aleikum. Napiga picha na video za harusi, upande wa akina mama, tangu 2016. Kazi yote nimeiweka kwenye diski moja ya nje ya terabaiti 2. Wiki jana ilianguka kutoka mezani hali inafanya kazi. Sasa nikiichomeka inalia tak-tak-tak na kompyuta haiioni. Ndani mna harusi za miaka yote hiyo, na mna sauti ya nyanya yangu, Mungu amrehemu, akiimba nyimbo za vugo, nilimrekodi kwa simu 2018. Fundi mmoja ameniambia niitie kwenye friji usiku kucha. Mwengine asema ataifungua aone. Nifanyeje? Na kuanzia sasa niweke wapi kazi zangu? Intaneti yetu waijua, na picha za wanawake waliovua buibui sitaki kuzitupa mtandaoni."

Aleikum salaam, dada yangu. Pole sana. Kabla hujaendelea kusoma: kama diski hiyo imechomekwa popote saa hii, ichomoe. Usiijaribu tena, hata mara moja, hata kwa waya mwengine, hata kwenye kompyuta ya jirani. Sababu nitakupa, lakini ichomoe kwanza.

Ndani ya kile kiboksi mna sahani nyororo yenye kung'aa kama kioo, moja au zaidi. Kwenye diski nyingi za kubeba sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake hupita kichwa cha kusomea kilichoshikwa kwenye ncha ya mkono mwembamba. Kichwa hakiigusi sahani. Huelea juu ya upepo unaotokana na mzunguko wenyewe, na mwanya uliopo kati yao ni nanomita chache tu. Unywele mmoja umeushinda mwanya huo kwa unene mara maelfu. Diski ikianguka wakati inazunguka, kichwa hugonga sahani. Pengine hupinda, pengine huvunjika, pengine hunasa. Huo mlio unaousikia ni ule mkono unaonyooka kutafuta alama za njia zilizoandikwa kwenye sahani, usizione, urudi mwanzo, uanze tena.

Basi kila uichomekapo, kichwa kilichopinda kinaweza kuwa kinakwaruza. Picha zako zimeandikwa kwenye utando mwembamba wa sumaku uliopakwa juu ya ile sahani. Ukikwaruzwa, utando hugeuka vumbi, na hakuna fundi wa Nairobi wala wa Ulaya awezaye kusoma vumbi. Niliwahi kuletewa hapa Malindi diski ambayo mwenyewe aliichomeka siku tatu mfululizo akitumaini itashika. Ilipofika kwangu ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mtu mwengine. Juu ya sahani palikuwa na mduara wa kijivu, umekaa sawasawa kama mstari wa bikari, na kile kichujio kidogo cheupe cha hewa kilichoko pembeni kilikuwa kimegeuka cheusi. Ule weusi ndio zilizokuwa faili zake. Nilimrudishia diski yake mkononi na sikuwa na la kumwambia.

Yako haijafika hapo, au angalau hatuna sababu ya kudhani imefika. Diski iliyoanguka ikachomekwa mara mbili tatu kisha ikaachwa, mara nyingi bado ina data nzima. Kilichokufa ni kichwa tu. Tofauti kati ya hali hizi mbili iko mikononi mwako, ndiyo maana nimeanza na kuichomoa.

Habari ya friji iache kabisa. Ushauri huo umezunguka dunia miaka mingi, na huku kwetu ni mbaya zaidi kuliko kwengine. Weka gilasi ya maji baridi barazani Amu mwezi wa Machi, uitazame inavyotoka jasho. Diski ikitolewa frijini itatoka jasho vivyo hivyo, ndani na nje, na lile tone dogo juu ya sahani ni kubwa kuliko ule mwanya kwa mbali sana. Kichwa kikilikuta, kwaheri. Mchele nao, kama kuna atakayekwambia uifukie kwenye mchele, hausaidii kitu. Diski yako haikulowa.

Na yule wa kufungua aone? Mshukuru, mwambie asijisumbue. Diski hufunguliwa kwenye chumba maalumu ambamo hewa huchujwa vumbi saa zote. Nyumba zetu za mawe zimepigwa chokaa. Ukutani ukipitisha kidole kinarudi cheupe. Chembe moja ya chokaa ikikaa kwenye sahani ni kama jiwe katikati ya barabara ya ndege. Isitoshe, kwenye diski nyingi za siku hizi huwezi kung'oa ubao wa umeme wa diski nyengine ya aina moja ukaupachika kwenye yako, kwa sababu kila ubao hubeba vipimo vya diski yake peke yake. Mafundi wengi wa mitaani ni hodari, nimefanya kazi nao na nawaheshimu, lakini kazi hii inahitaji chumba na vifaa ambavyo duka halina.

Programu za kunusuru data zipo, na nyengine ni nzuri na za bure, kama PhotoRec na ddrescue. Lakini hizo ni kwa diski ambayo kichwa chake ni kizima na kompyuta inaiona, au kwa faili zilizofutwa kwa makosa. Yako mwili umeumia. Hata ikitokea siku kompyuta ikaiona ghafla na kukuuliza kama ungependa kuiformati, yaani kuifuta na kuipanga upya, jibu ni hapana.

Sasa nataka tuiache diski kando, tutafute nakala ambazo huenda unazo na hujui.

Tuanze na nyanya. Ulimrekodi kwa simu mwaka 2018. Simu ile iko wapi? Watu hatutupi simu, huwa ziko kwenye droo au kapu la nyaya. Ukiipata, itazame mgongo kwanza. Kama betri imevimba na mfuniko umeinuka, usiichaji. Mpelekee fundi aitoe betri akuwekee nyengine. Kama ni nzima, ichaji mchana ukiwa macho, juu ya sakafu, mbali na godoro na mapazia. Halafu jiulize ulimtumia nani. Sauti ya bibi akiimba vugo haikai na mtu mmoja. Kuna shangazi Mombasa aliyeililia, kuna binamu Maskati au Dubai aliyeomba atumiwe. Waulize wote, leo, kabla hawajabadilisha simu. Ukiwapata usiwaambie wakutumie kama ujumbe wa sauti kwa kuicheza na kuirekodi upya. Waitume ile faili yenyewe kama hati, isibanwe ikapoteza ubora.

Harusi nazo. Ulipomaliza kazi ulimpa kila biarusi flashi au ulimwekea kwenye simu. Basi kila nyumba uliyoingia Mkomani, Shela, Matondoni mpaka Pate ina kipande cha ile diski. Hizo ni picha ulizochagua na kuzisafisha, yaani ndizo zenye thamani zaidi. Piga simu, omba, nenda na laptopu yako mpaka nyumbani kwao unakili ukiwa nao. Wapo watakaokwambia flashi imepotea, na wapo watakaokutolea kutoka kwenye sanduku la hina na dhahabu. Nami nakuhakikishia hakuna biarusi atakayekasirika ukimwambia unatafuta picha zake zisipotee.

Tena kuna kadi za kamera. Ukiiformati kadi ndani ya kamera, mara nyingi kinachofutwa ni ile orodha ya majina, picha zenyewe hubaki mpaka picha mpya ziandikwe juu yake. Hapo ndipo PhotoRec inafaa. Usipige tena hata picha moja kwenye kadi ambazo hujazichunguza. Za miaka ya mwanzo hutapata, zimeandikwa juu mara nyingi, lakini harusi mbili tatu za mwisho huenda zimo.

Ukishakusanya hivyo, ndipo utajua diski iliyoanguka ina nini ambacho hakiko popote, na kama kinastahili gharama. Nairobi kuna maabara za kunusuru data zenye chumba safi, na bei ya diski iliyoumia kichwa si ya mchezo. Inaweza kuzidi bei ya diski mpya mara kadhaa. Kabla hujawapa, waulize mambo haya kwa simu. Je, mnafungua diski kwenye chumba chenu wenyewe au mnaipeleka kwengine? Mkishindwa, nalipa nini? Nitaonyeshwa orodha ya faili zilizopatikana kabla ya kulipa? Na kwa upande wako wewe swali kubwa kuliko yote: nani ataziona picha, na nakala zenu mtazifuta lini? Omba ahadi hiyo kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana kama inavyokubana wewe. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Nimekwisha kusikia visa vya picha za harusi za akina mama kuvuja kutoka dukani, na ndoa zikatikisika. Hapa usione haya kuonekana msumbufu.

Kuisafirisha: ifunge kwenye sponji, pande zote, uitie kwenye kikopo kigumu, kikopo ukitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ibebe mtu mkononi. Kutoka Amu mpaka Mokowe kwa boti mna manyunyu ya maji ya chumvi, na kutoka Mokowe kwenda mbele usiitupe kwenye buti la basi chini ya magunia.

Hayo ni ya tiba. Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo ningependa watu wengi waliulize mapema.

Walioteua istilahi za kompyuta kwa Kiswahili walichagua neno "chelezo" kwa nakala ya akiba. Wabara wengi hulisoma hawajui limetoka wapi. Sisi wa pwani tunalijua chelezo kuwa ni lile boya la wavuvi linaloelea. Napenda walivyochagua, kwani chombo kikizama, kinachobaki juu ya maji ndicho cha kushika. Lakini chelezo likifungwa ndani ya chombo kwa kamba, linazama nacho.

Hilo ndilo kosa ninaloliona kila wiki. Mtu hunambia, "Mimi nina nakala mbili," na ukimuuliza ziko wapi: zote kwenye mfuko mmoja wa laptopu. Mwalimu mmoja alikuwa na kazi yake kwenye laptopu na nakala kwenye diski, akavuka na mfuko siku ya kusi kali, wimbi likaingia, mfuko ukakaa kwenye maji ya chumvi chini ya boti mpaka wakafika gatini. Alikuwa na nakala mbili, zikafa kifo kimoja. Ukitaka kujua una chelezo ngapi, usihesabu vifaa, hesabu vifo. Jiulize: wizi wa nyumba moja utachukua zipi? Moto wa paa la makuti utachoma zipi? Kirusi kikiingia kwenye kompyuta kitafika zipi? Mtoto akifuta folda, itafutika wapi kwengine? Nakala mbili zinazouawa na jambo moja ni nakala moja.

Wapiga picha wa dunia wana kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Ni kanuni nzuri. Ila naipenda pale inapoeleweka kwa sababu yake. Wengi huitimiza kwa hesabu tu, wakaweka "mahali pengine" chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo.

Kwa kazi yako ningefanya hivi. Ukirudi harusini usiku, umechoka, miguu imevimba, usilale kabla ya kunakili kadi kwenye laptopu na kwenye diski ya kwanza. Kadi isiformatiwe mpaka picha ziwe mahali pawili na umezifungua baadhi, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kuona kweli zinafunguka. Nunua kadi za ziada. Harusi ya siku tatu nne yenye kesha na kupamba haifai kupigwa yote kwenye kadi moja inayozungushwa. Diski ya pili ikae nje ya nyumba yako. Si nje ya chumba, nje ya nyumba, na ikiwezekana nje ya kisiwa. Una ndugu Malindi au Mombasa? Diski ya pili ikae kwake. Kila mara mtu anaposafiri, mwezi au miezi miwili, inakuja ya kule inakwenda ya hapa, zinapishana. Zisivuke kwa boti moja siku moja. Ndiyo, kati ya safari na safari kutakuwa na kazi ya wiki chache ambayo haijafika Malindi. Ndiyo sababu nakusisitizia laptopu na diski ya kwanza zisilale kwenye mfuko mmoja.

Diski yenyewe inunue kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Flashi na kadi za bandia zimejaa, hasa zile za "terabaiti 2" kwa bei ya sahani ya biriani. Zimedanganywa zijitangaze kubwa. Ndani zina gigabaiti 32 au hata chache zaidi. Zikijaa, huendelea kupokea faili bila kulalamika, na faili hizo haziendi popote. Majina utayaona yote, ukifungua hakuna kitu. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, zinazoijaza flashi nzima kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Ichukue muda wa usiku mzima ikibidi. Usiweke harusi ya mtu kwenye kifaa ambacho hujakijaribu.

Utaambiwa pia ununue SSD, diski ya chipu, kwa kuwa haina sahani ya kuzunguka, haiumii kirahisi ikianguka. Ni kweli, na kwa kufanyia kazi kila siku nakushauri uwe nayo. Kwa kuweka kabatini miaka, hapana. SSD hushika data kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya chipu, na chaji huvuja polepole, joto likiongezeka huvuja haraka zaidi. Kiwango ambacho viwanda vimekubaliana kwa SSD za kawaida ni kwamba iliyokwisha kutumika mpaka mwisho wa uhai wake iweze kushika data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Ikiwa mpya hukaa zaidi ya hapo. Lakini chumba cha Amu mwezi wa Februari waujua joto lake. Diski ya sahani kwa kabatini, ndani ya kikopo kinachofungwa barabara pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana chumvi ya hewa yetu hula hata vichwa vya waya wa USB. Umewahi kuona ule ukijani? Futa kabla ya kuchomeka.

Mtandaoni. Hofu yako nimeielewa, na upande wa kasi hesabu iko wazi. Tuseme unapandisha kwa megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika. Terabaiti 2 ni megabiti milioni 16. Zigawe kwa 5, unapata sekunde milioni 3.2, yaani siku 37 usiku na mchana. Haiwezekani, usijitese. Lakini sauti ya nyanya ni makumi machache ya megabaiti. Hiyo inapanda ukiwa unasubiri chai ichemke. Na albamu zilizokamilika, zile picha 200 ulizompa biarusi, zinaweza kupanda moja moja usiku. Mtandaoni usipeleke kila kitu, peleka vile ambavyo ukivikosa utalia.

Kuhusu siri, dawa yake ni kusimba: faili zinafungwa kwa nenosiri kwenye kompyuta yako kabla hazijatoka, na anayezihifadhi kule anaona mchanganyiko wa herufi usio na maana. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unatengeneza sanduku moja la faili, unaweka albamu ndani, unalifunga, unalipandisha. Na zile diski mbili zisimbe vilevile, hasa hiyo inayosafiri. Ikipotea Garsen, aliyeiokota ameokota chuma tu. Lakini nakuomba kitu hapa. Nenosiri hilo likipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuliomba. Liandike kwenye karatasi mara mbili kwa kalamu isiyoyeyuka, moja uiweke na hati ya nyumba, moja kwa mtu unayemwamini kama nafsi yako. Kusimba bila karatasi ni kuzika.

Tena usichanganye chelezo na kule kulandanisha, ambako simu na kompyuta hufanana kila saa. Ukifuta huku, kunafutika kule. Ni huduma nzuri, ila kosa lako nalo inalilandanisha. Wala usidhani kampuni kubwa haipotezi. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace walikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa miaka ya nyuma zilipotea walipohamisha mitambo, muziki wa watu wa zaidi ya miaka kumi. Google nao walitangaza 2023 kwamba akaunti isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Fikiria akaunti ya marehemu ambayo familia inadhani picha zimelala salama.

Hapo Amu mna mfano ninaoupenda. Vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono vya Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh, vilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Mtu wa London aliyetaka kutumia hazina za kidijitali za maktaba yake alikuta mlango umefungwa. Lakini vitabu vyenyewe havikuwa London, viko Riyadha. Mchwa wa Lamu hawezi kula picha iliyoko London, na mdukuzi hawezi kugusa karatasi iliyoko Lamu.

La mwisho ni lile ambalo karibu kila mtu huliruka. Chelezo ambalo hujawahi kulirudisha hujui kama unalo. Tarehe 31 Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, mhandisi mmoja akihangaika usiku na hitilafu alifuta hifadhidata kwenye mtambo usio wenyewe. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na walipozikimbilia hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Moja ilikuwa imeshindwa muda mrefu na barua za kuonya hazikumfikia mtu. Walichookoka nacho ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono, kwa shughuli nyengine, saa 6 kabla. Hao ni mabingwa, na ndiyo kazi yao ya kila siku. Wamesimulia mkasa wote hadharani, jambo ninalowaheshimia.

Kwa hiyo kila mwezi ukiandama, chagua harusi moja yoyote, ichukue kutoka kwenye chelezo, si kwenye laptopu, ifungue. Tazama video mpaka dakika ya mwisho, maana faili iliyokatika katikati huanza vizuri. Haitazidi nusu saa. Ikikataa kufunguka, umegundua mapema wakati nakala nyengine bado ziko.

Nimeandika mengi, na najua sasa hivi moyo wako uko kwenye ile sauti. Anza na droo ya simu za zamani, leo hii, kabla ya kupiga simu Nairobi. Na ukiiona ile faili ya 2018 imo kwenye simu, kidole chako kitataka kuibonyeza papo hapo umsikie. Jizuie kidogo. Simu ya miaka mingi inaweza kuzimika na isiwake tena. Chomeka waya, nakili kwenye laptopu, nakili kwenye flashi uliyoijaribu, mtumie shangazi Mombasa. Ikishafika kwake na akakujibu kwamba imefunguka, hapo keti na mama yako mumsikilize nyanya.